Gharama ya Kuunga Maneno katika Hifadhidata: Uchambuzi kwa Mfano wa Kitomanga

Mtu atokaye Kilwa kwenda Lindi kwa barabara kuu, akiisha kuuvuka mto Mbwemkuru na kabla hajaifikia Mchinga, hupita Kitomanga, kata ya wakulima wa korosho na ufuta ambayo, kama kata zote za pwani hii, ina maisha mawili: moja ni lile la watu na mashamba yao, na la pili ni lile lililoandikwa katika madaftari ya serikali, ambayo siku hizi aghalabu si ya karatasi tena bali ni majedwali yaliyomo ndani ya seva. Katika maandishi hayo Kitomanga haisimami peke yake. Ili takwimu za wagonjwa, za chanjo na za akina mama wajawazito zipate kuhesabiwa mahali pake, sharti kituo kijulikane kuwa ni cha halmashauri fulani, halmashauri iwe ya mkoa fulani, na mkoa uwe wa nchi. Na aghalabu ujuzi huo huandikwa kwa kuyaunga maneno au misimbo ikawa mfuatano mmoja wa herufi. Kuunga huko, ambako machoni pa mtu ni jambo la kufumba na kufumbua, ndani ya hifadhidata ni kazi yenye gharama, na gharama hiyo hukua kwa namna ambayo wengi wa waandishi wa programu zetu hawaifikirii mpaka ripoti ya mwisho wa mwezi ianze kuchelewa. Nia ya makala haya ni kulichambua suala hilo tangu shina lake, na rai yangu nitaitaja mapema: kinachochelewesha si kule kuunga, bali ni kunakili tena na tena kile kilichokwisha kuungwa, na kila dawa iliyo ya kweli ni njia ya kupunguza kunakili huko.

Tuanze na kitendo chenyewe. PostgreSQL, hifadhidata iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker kwa jina la POSTGRES, ndiyo msingi wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara ya Afya ya Tanzania imeutandaza nchi nzima kupokea yale yaliyokuwa yakijumlishwa kwa mkono kutoka vitabu vya taarifa vya vituo vya afya, viitwavyo MTUHA. Humo kila mfuatano wa herufi huhifadhiwa ukiwa na kichwa kidogo kinachotaja urefu wake, kisha hufuata baiti zake. Mtu aandikapo fito mbili zilizosimama, ||, baina ya mifuatano miwili, mashine husoma urefu wa kila mmoja, huomba nafasi mpya ya kumbukumbu itoshayo jumla yao, hunakili humo wa kwanza, kisha hunakili wa pili nyuma yake. Haiurefushi ule wa kwanza pale ulipo. Huo hubaki vilevile, na kinachotoka ni kitu kipya kabisa. Kwa maneno mawili mafupi kazi hiyo haina uzito hata chembe, na mwenye kuihangaikia anapoteza muda wake. Walakini pindi vipande vinapokuwa maelfu, navyo vikaungwa kimoja baada ya kingine kwa njia hiyo, mashine huwa katika hali ya karani wa zahanati ambaye, kila ajapo mgonjwa mpya, badala ya kuliandika jina lake chini ya jina la mwisho, huchukua karatasi safi, akanakili majina yote tangu la asubuhi, ndipo akaliongeza hilo moja, na ile karatasi ya kwanza akaitupa.

Hesabu yake ni hii. Msimbo wa kituo katika DHIS2 una herufi na tarakimu 11, na ukiongezwa alama moja ya kuutenga na mwenziwe, kila kipande kina baiti 12. Tukiunga vipande 1,000 kwa kunakili upya kila mara, mashine itanakili baiti 12, kisha 24, kisha 36, hata ifike 12,000, na jumla ya yote ni baiti 6,006,000 kwa ajili ya natija ambayo urefu wake ni baiti 12,000 tu. Vipande vikiwa 10,000, jumla hupanda hata baiti 600,060,000. Vipande vimeongezeka mara kumi, na kazi imeongezeka takriban mara mia. Na hapo ndipo ilipo siri ya zile ripoti ambazo zilikwenda vizuri katika majaribio ya wilaya moja, zikakwama zilipotakiwa kwa nchi nzima, ilhali programu ni ileile na seva ni ileile.

Dawa ya maradhi hayo imejulikana zamani, nayo ni kutenga nafasi iliyo kubwa kuliko haja ya sasa, na ijaapo kuiongeza maradufu. Kazi ya string_agg katika PostgreSQL hufanya hivyo: huanza na nafasi ya baiti 1,024, na kila inapoelekea kujaa huifanya mara mbili. Kwa vile vipande 10,000 nafasi hiyo itakuzwa mara saba, ifike baiti 131,072, na hata tukihesabu kila kuhama pamoja na kila kipande kilichoandikwa, baiti zote zilizonakiliwa hazizidi 251,000. Baina ya laki mbili na nusu na milioni mia sita kuna tofauti ya zaidi ya mara elfu mbili, na tofauti hiyo haikununuliwa kwa seva mpya wala kwa kumbukumbu zaidi. Imepatikana kwa kuacha tu kunakili pasipo haja.

Nimesema baiti wala sikusema herufi, kwa makusudi. Katika mtindo wa uandishi wa UTF-8, herufi za Kiswahili cha leo huchukua baiti moja moja, lakini herufi za Kiarabu, ambazo mababu wa Kilwa waliandikia Kiswahili chao na ambazo jamaa zetu wa Oman huandikia majina yao hata sasa, huchukua baiti mbili kila moja. Anayepima nafasi kwa kuhesabu herufi atakosea pale pale majina hayo yanapoingia.

Si kwamba hifadhidata zilikuwa na dawa hiyo tangu mwanzo. Kabla ya toleo la 9.0 la mwaka 2010, PostgreSQL haikuwa na string_agg, na watu walijitungia kazi zao za kujumlisha maneno kwa kuipa mashine ile || iirudie mstari baada ya mstari, nayo ndiyo njia ya karani wetu hasa; wenye maarifa zaidi walikusanya vipande katika safu ya orodha kwa array_agg, iliyokuja na toleo la 8.4 mwaka 2009, wakaviunga mwishoni kwa mara moja. Oracle ilileta LISTAGG katika 11g Release 2 mwaka huohuo wa 2009. SQL Server ilikawia hadi 2017 kuleta STRING_AGG, na kabla yake watumiaji wake waliyapitisha maneno katika matini ya XML kana kwamba wanatengeneza waraka, ili tu yapate kuungana. Kanuni ya SQL yenyewe ilikubali LISTAGG mwaka 2016. Bado zipo programu, nyingine zimo katika ofisi zetu, ambazo zimebaki na zile kazi za kujitungia kwa kuwa hakuna aliyepata kuzifungua tangu ziandikwe. Na kwa maoni yangu mtu akabidhiwaye mfumo wa zamani angeanza kwa kuzitafuta hizo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

MySQL ilikuwa na GROUP_CONCAT mapema kuliko wengi, ila ina tabia moja ambayo yataka kutazamwa kwa karibu, kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko kuchelewa. Isipoamriwa vinginevyo, natija yake hukatwa ifikapo baiti 1,024. Tuseme halmashauri inataka orodha ya misimbo ya herufi 11 iliyotengwa kwa mkato. Misimbo 85 pamoja na mikato yake 84 hufanya baiti 1,019. Zimebaki tano. Msimbo wa 86 utaandikiwa mkato wake na herufi zake nne za mwanzo, kisha basi: saba zilizobaki hazimo, na misimbo yote iliyofuata haimo. Mashine hutoa onyo, lakini katika ulizo la kawaida haikatai kazi, na programu isiyosoma maonyo hupokea orodha hiyo kana kwamba imetimia. Kwa kituo kilichokatwa, natija yake ni kwamba hakihesabiwi, na hakuna mtu wa halmashauri atakayejua kwa kuitazama ripoti tu. Oracle kwa upande wake hukataa kwa kosa dhahiri natija inapopita mpaka wake, ambao kwa kawaida ni baiti 4,000, na ingawa jambo hilo huwakasirisha watumiaji, mimi naliona kuwa ni la uaminifu zaidi.

Ikiisha kuondolewa ile gharama ya kunakili, mara nyingi huonekana kwamba ulizo bado ni zito, na hapo watu huilaumu kazi ya kuunga kwa kosa lisilo lake. Mtu ataka orodha ya vituo iliyopangwa kwa alfabeti, naye huandika ORDER BY ndani ya string_agg. Basi mashine sharti ipange kabla ya kuunga, na kupanga ndiko kulikokula muda. Kumbukumbu iliyotengewa kazi ya namna hiyo katika PostgreSQL ni megabaiti 4 ikiwa haikubadilishwa, na vipande visipotosha humo hupangwa kwenye diski. Toleo la 16, la mwaka 2023, limeleta nafuu mbili kubwa: kujumlisha kwenye mpangilio kunaweza kutumia vitu vilivyokwisha kupangwa na faharasa, na string_agg yenyewe inaweza kugawanywa baina ya wafanyakazi kadhaa wa mashine wanaofanya kazi kwa pamoja. Lakini anayeitumia nafuu hii ya pili pasipo kutaja mpangilio asitegemee kuwa vipande vitatoka kwa taratibu ileile kila siku. Amri ya EXPLAIN ANALYZE huonyesha wazi muda umetumika wapi, katika kusoma jedwali, katika kupanga, au katika kuunga. Na mwenye kurekebisha kabla ya kuisoma anabahatisha.

Ipo sehemu nyingine ya suala hili ambayo humgusa kila mwananchi, nayo ni majina ya watu. Desturi yetu ni majina matatu, na fomu za serikali zina safu tatu, ya kwanza, ya kati na ya ukoo. Si kila mtu ana la kati. Sasa kanuni ya SQL ni kwamba kisichojulikana kikiungwa na kinachojulikana hutoa kisichojulikana. Kwa hiyo programu iliyoandika jina la kwanza || la kati || la ukoo, ikimkuta mama ambaye safu yake ya kati imeachwa tupu, haitoi majina yake mawili, hutoa utupu, na katika orodha iliyochapishwa nafasi yake huwa mstari mweupe wenye namba tu. Oracle haifanyi hivyo, kwani kwayo utupu huungwa kama neno lisilo na herufi. Ndiyo sababu programu iliyohamishwa kutoka Oracle kwenda PostgreSQL inaweza kuanza kupoteza watu siku ileile ya kuhama, wala hakuna aliyebadilisha hata herufi moja ya maandishi yake.

Njia iliyo bora kwa majina ni concat_ws, iliyoingia PostgreSQL na toleo la 9.1 la mwaka 2011, ambayo hupewa alama ya kutenga mara moja, kisha huviruka vilivyo tupu, pasiachwe nafasi mbili katikati. Hata hivyo ina mpaka wake, nao wakuta wengi ghafula. Kwa kuwa concat na concat_ws hupokea kitu cha aina yoyote, pamoja na tarehe na saa, na kwa kuwa namna ya kuiandika tarehe hufuata mipangilio ya aliyeunganika na hifadhidata wakati huo, PostgreSQL haikubali kuahidi kwamba natija yake ni moja daima. Basi haiziruhusu kutumika ndani ya faharasa, wala ndani ya zile safu zinazojihesabu zenyewe zilizoletwa na toleo la 12 mwaka 2019. Alama || baina ya mifuatano ya herufi pekee haina shaka hiyo, nayo huruhusiwa. Kwa hiyo mtu atakaye safu ya jina kamili iliyokwisha kuungwa na kuhifadhiwa, sharti arudi kwenye ||, akiizungushia kila safu coalesce ili utupu usiyameze majina.

Na safu hiyo ina faida kubwa kuliko ionekanavyo. Karani atafutaye mgonjwa kwa jina kamili, programu ikawa inaunga majina ya kila mstari ndipo ilinganishe, anailazimisha mashine kuunga majina ya watu wote waliomo ili impate mmoja, kwa kuwa faharasa ya safu ya jina la kwanza na faharasa ya safu ya ukoo hazisaidii kitu mbele ya neno lililoundwa papo hapo. Ama atafutwe kwa safu zilizotengana, ama iwepo faharasa ya lile neno lililoungwa. Katika kituo kinachofikia seva kwa mtandao wa simu, ambapo kila sekunde ya mashine huongezewa sekunde ya njia, foleni ya wagonjwa asubuhi hutambua tofauti hiyo kabla ya fundi.

Nirudi sasa kwa Kitomanga na ile misimbo. DHIS2 haihifadhi ukoo wa vituo kwa majina. Kila ngazi, tangu nchi hadi kituo, ina msimbo wake usio na maana yoyote, na jedwali la vituo lina safu iitwayo path, yaani njia, ambamo misimbo ya wazazi wote pamoja na ule wa kituo chenyewe imeungwa tangu juu hadi chini, kila mmoja ukitanguliwa na mkwaju. Kwa ngazi nne njia hiyo ina herufi 48. Hapa ile hofu ya kunakili mara mraba haina nafasi, maana kuunga vipande vinne ni kitu kidogo. Maradhi ya hapa ni mengine, nayo ni kurudia. Lau njia hiyo ingehesabiwa kila ripoti inapoombwa, kwa kupanda kutoka kituo hadi mzazi hadi babu, kazi hiyo ndogo ingefanywa mamilioni ya mara. Wabunifu wa mfumo waliona afadhali kuiunga mara moja, wakati wa kuhifadhi kituo, na tangu hapo kila anayetaka vituo vyote vya mkoa wa Lindi huuliza tu ni njia zipi zinazoanza na kiambishi fulani. Swali hilo huweza kujibiwa kwa faharasa, mradi faharasa iwe imejengwa kwa taratibu ya baiti, kwa kutaja text_pattern_ops, wala si kwa taratibu ya lugha. Ikijengwa kwa ile ya pili haitumiki, na jedwali zima husomwa.

Kutokuwa na maana kwa misimbo ni hekima ambayo wengi huidharau. Si mbali na Kitomanga, huko Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya madinosaria tangu 1909 hadi 1913, wafanyakazi wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na kila mfupa ulitiwa alama iliyounga herufi ya shimo na namba: mnyama mkubwa asimamaye leo katika jumba la makumbusho la Berlin, sehemu yake kuu ni ile iliyoitwa SII, yaani wa pili katika shimo S. Alama hiyo ilifaa sana shimoni. Baadaye makumbusho yaliiandikia mifupa hiyo namba nyingine, MB.R.2181, na hadi leo wataalamu hulazimika kutaja zote mbili ili waelewane. Msimbo uliobeba mahali ndani yake hulazimika kufuatana na mahali.

Mahali nako hubadilika, na Kitomanga imeyaona hayo. Kata hiyo ilikuwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Lindi. Halmashauri ile ilipopangwa upya, kata za jimbo la Mchinga ziliingizwa katika Manispaa ya Lindi, na upande wa pili ukawa Halmashauri ya Mtama. Watu hawakuhama, wala vituo havikuhama, lakini mzazi wa kituo alibadilika, na kwa hiyo njia yake. Kuibadili kwa amri moja, inayoondoa kiambishi cha zamani na kuunga kipya kwa kila njia iliyoanza nacho, ni kazi ya chini ya sekunde. Kuibadili kwa programu inayochukua kituo kimoja kimoja, ikaenda kwa seva na kurudi, tuseme milisekunde 50 kila safari, ni sekunde 50 kwa kila vituo 1,000, na njia ya mtandao ikikatika katikati, nusu ya vituo huwa upande huu na nusu upande ule. DHIS2 ina kitufe cha matengenezo kinachoziunga upya njia zote, na kuwapo kwake ni ushahidi kwamba waliokitengeneza walijua njia iliyohifadhiwa yaweza kuachana na ukweli, hasa mtu anapoingiza vituo kwa SQL moja kwa moja bila kupita katika programu.

Lakini njia iliyoungwa na kuhifadhiwa husema mambo ya leo tu. Mtu akiuliza watoto wangapi walichanjwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Lindi kabla ya mabadiliko, naye akauliza kwa kiambishi, hatapata vituo vya Kitomanga, kwa sababu njia yao ya zamani imefutwa na mpya kuandikwa juu yake. Takwimu za miaka ile zitaonekana chini ya manispaa ambayo wakati huo haikuzisimamia. Kwa hiyo pamoja na safu ya njia, ambayo ni ya kusomea kwa haraka, hifadhidata yahitaji jedwali la pili litajalo kila kituo, mzazi wake, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, ili njia ya mwaka wowote iweze kuungwa upya ikitakiwa. Jedwali hilo ni dogo, maana mipaka haibadilishwi kila mwezi, na kuunga njia kutoka humo kwa ulizo la WITH RECURSIVE, ambalo PostgreSQL inalo tangu 2009, ni kazi ya vipande vinne au vitano kwa kila kituo, ifanywe pale tu mtu anapouliza habari za zamani.